Namna ya kutunza fishie za parokia: programu yenye madirisha mawili

Siku moja mwalimu wa dini wa Burungu, huku Masisi upande wa Kitchanga, alitufikia biro na flashi yake mkononi. Alikuwa amepiga picha kwa telefone kurasa zote za kaye ya sekta yake: wabatizwa pamoja na namba zao katika kitabu cha parokia, wenye ndoa, marehemu, mashirika moja moja. Njiani alipita kwa mtu anayefanya kazi ya kopi, akaomba picha zitolewe katika telefone na kuwekwa katika flashi. Alipoifungua kwetu hakuona hata picha moja. Aliona rakursi tu, vile vialama vyenye mshale mdogo. Akibonyeza, mashini yamjibu kwa maneno asiyoyaelewa. Akatuambia: «Padri, kaye imekufa. Tusafishe flashi, nianze upya.»

Tulimzuia. Picha zilikuwamo zote.

Virusi ya namna hii yajulikana sana katika nchi zetu. Haili fishie, yazificha tu. Kila dosie hupewa alama mbili, ya kwanza «kilichofichwa», ya pili «mali ya mfumo», na mahali pake pawekwa rakursi yenye jina lile lile. Mtu akiibonyeza anaiamsha virusi yenyewe, nayo yaingia katika ordinatere na kungojea flashi ya mtu mwingine. Basi Explorateur ya Windows, isipogeuzwa na mwenyewe, haionyeshi kitu chenye alama hizo mbili. Mwenye flashi aona utupu, asema «zimekufa», aamuru disiki isafishwe. Na hapo ndipo hasara yaanza, kwa mkono wake mwenyewe.

Kwanza tuliacha Defender, ile dawa ya virusi iliyomo ndani ya Windows, ichunguze flashi na ordinatere pia, kwa sababu mwalimu alikuwa amekwisha kubonyeza mara tatu. Kisha tulifungua flashi kwa programu iitwayo Double Commander. Ina amri ya kuonyesha vitu vilivyofichwa na vya mfumo. Tulipoiweka, dosie zikatokea zote. Kwa amri nyingine, ya kubadili alama za fishie, tukaziondolea zile alama mbili. Rakursi tukazifuta, pamoja na fishie moja ngeni yenye mwisho wa «.vbs» ambayo hakuna aliyeiandika. Kazi yote haikupita nusu saa. Mwalimu akauliza: «Kumbe programu hiyo ni ya bei gani?» Tukamjibu: ni bure. Na kwa kuwa wenzetu wengi wameuliza swali lile lile, yafaa tulieleze jambo hili kwa utaratibu.

Ordinatere haina kabati. Ina disiki, na juu ya disiki mna alama tu, nyingi mno, ambazo macho yetu hayawezi kuzisoma. Ili tuone majina ya fishie, ukubwa wake na tarehe yake, ni lazima pawe na programu ya kutuonyesha na kutusaidia kuzipanga. Programu hiyo twaiita msimamizi wa fishie. Windows ina msimamizi wake tangu zamani: katika Windows 3.0 ya mwaka 1990 alikuwa na sura moja, na tangu mwaka 1995 ndiye Explorateur tunayemjua. Kwa kazi ndogo atosha. Taabu yake ni kwamba hukuonyesha kwanza mahali pamoja tu. Ukinakili dosie kutoka disiki kwenda flashi, waona ulikotoka, kisha waona unakokwenda. Mara chache waona pande zote mbili pamoja. Tena kwa kawaida yake huficha mwisho wa jina la fishie. Jina likiwa «barua.pdf.exe», yeye aonyesha «barua.pdf», nawe wadhani ni barua, kumbe ni programu inayongoja kuamshwa.

Wazo la madirisha mawili ni la mwaka 1986, John Socha alipotunga Norton Commander, wakati ordinatere nyingi zilikuwa bado zaamriwa kwa maandishi matupu. Ekra ilikatwa katikati: kushoto mahali pamoja, kulia mahali pengine. Wengi walifuata mfano huo. Mwaka 1993 Christian Ghisler wa Uswisi alitoa programu ambayo leo yaitwa Total Commander. Ni nzuri sana, lakini baada ya siku za kujaribu yapasa kulipa. Double Commander yafanana nayo karibu katika kila jambo, nayo ni bure kweli: imetolewa kwa leseni ya GPL, maana yake kila mtu aweza kuitumia, kuinakili, kumpa jirani, hata kuchungua namna ilivyotungwa. Iko nyingine ya bure, FreeCommander, inayofaa vilevile. Twachagua ile ya kwanza kwa sababu yafanya kazi katika Windows na katika Linux pia, na kwa sababu yaweza kusema Kifaransa.

Neno hili la bure tusilipite haraka. Katika miji yetu watu huuza programu zilizoibwa, za kulipiwa lakini zimevunjwa kufuli. Tusinunue. Mbali na wizi wenyewe, mara nyingi aliyevunja kufuli ameweka ndani kitu chake. Hata programu ya bure tusiichukue kwa mtu yeyote tu. Tuitafute kwa watengenezaji wenyewe. Hutolewa kwa namna mbili: ile ya kusimikwa katika ordinatere, na ile ya kubeba, ambayo ni dosie moja unayoifungua ndani ya flashi na kuitumia popote bila kusimika kitu. Kwa padri anayezunguka sekta, ya kubeba yafaa zaidi.

Sasa tuifungue. Twaona madirisha mawili. Juu ya kila moja zimeandikwa herufi za disiki: C kwa kawaida ni disiki ya ordinatere, flashi hupewa D au E au nyingine. Tuweke kushoto dosie ya parokia, kulia flashi. Dirisha moja tu ndilo linaloamuru, lile lenye mstari uliowekwa rangi; la pili ndilo linalopokea. Tukibonyeza Tab, amri yahamia upande wa pili. Hapa ndipo wanaoanza hukosea wote, nasi tulikosea: hutazama ekra, wadhani kushoto ndiko kunakotoa, kumbe amri iko kulia. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza lolote tujiulize: mstari wa rangi uko wapi?

Kazi kubwa zafanywa kwa vifungo vya juu vya klaviye. F3 ni kutazama fishie bila kuibadili. F5 ni kunakili, F6 kuhamisha, F7 kufanya dosie mpya, F8 kufuta. Katika ordinatere ndogo za kubeba, pengine sharti kubonyeza Fn pamoja nacho, la sivyo utapunguza sauti au mwanga wa ekra. Ukitaka kuchagua fishie nyingi, bonyeza Insert juu ya kila moja; zageuka rangi. Ukibonyeza kile kifungo kirefu cha nafasi juu ya dosie, programu yahesabu uzito wake. Hilo lafaa kabla ya kunakili, ili tujue kama flashi itatosha.

Tukibonyeza F5, programu haianzi mara moja. Yauliza, na katika swali lake yaandika kabisa mahali ambapo nakala itawekwa. Tusome mstari huo kila mara, hata kama tuna haraka na batri ya jua inakaribia kuisha. Ikiwa kule kuna fishie yenye jina hilo hilo, yauliza tena, na kuonyesha ukubwa na tarehe za zote mbili. Hapo mtu mwenye haraka hubonyeza «ndiyo kwa zote», na orodha ya mwaka huu yafunikwa na ya mwaka jana.

Juu ya F6 tuna neno la pekee. Kuhamisha fishie ndani ya disiki ile ile ni jambo dogo: fishie haisogei, yabadilishwa anwani tu. Lakini kuhamisha kutoka disiki kwenda flashi ni kazi mbili: kunakili, kisha kufuta ya kwanza. Mwisho wake una fishie moja tu, nayo iko katika kitu kidogo kuliko kidole, ambacho chaweza kuanguka matopeni kati ya Kilolirwe na Kitchanga. Kwa hati za parokia tujiwekee desturi: kati ya disiki mbili F5 tu. Tukisha kuhakikisha nakala, tutaamua baadaye kama ya kwanza yafaa kuondolewa. F8 nayo ina hila yake: fishie iliyofutwa katika disiki ya ordinatere huenda kwanza katika kikapu cha takataka, na yaweza kurudishwa, iliyofutwa katika flashi kwa kawaida haina kikapu.

Tuje kwenye majina. Telefone huzipa picha majina yake yenyewe, yaani IMG na tarakimu nyingi, ambazo baada ya mwaka hazimwambii mtu kitu. Kubadili majina ya picha mia kwa mkono ni adhabu. Katika Double Commander twachagua picha zote, twabonyeza Ctrl na M, na pafunguka chombo cha kubadili majina mengi pamoja. Mahali pa jina twaandika kwa mfano «Burungu_kaye2_[C]». Ile [C] ni hesabu: tukiamuru ianze na 1 na iwe na tarakimu tatu, tutapata Burungu_kaye2_001, 002, 003, mpaka mwisho. Chombo chaonyesha kwanza majina ya zamani na mapya bega kwa bega, nacho hakibadili kitu mpaka tukubali. Tuangalie tu kwamba picha zimepangwa kwa saa zilipopigwa, ili ukurasa wa kwanza upate namba ya kwanza.

Windows yakataza alama tisa katika jina: mistari miwili ya mshazari, nukta mbili, nyota, alama ya kuuliza, alama ya kunukuu, zile mbili za «pungufu» na «zaidi», na mstari uliosimama. Kwa hiyo tarehe haiandikwi kwa mshazari. Tena tarehe ianze na mwaka: 2024-03-31, si 31-03-2024. Kwa namna hiyo fishie zajipanga zenyewe kwa miaka, bila kazi ya mtu. Dosie nazo zisiwe ndani ya dosie, ndani ya dosie, mpaka mara kumi. Programu nyingi za Windows bado zashindwa na anwani inayopita herufi 260, na fishie iliyo chini kabisa hukataa kufunguka.

Pengine mtu atauliza: juhudi hii yote ya nini, ikiwa vitabu vya karatasi viko kabatini? Twajibu kwa mambo tuliyoyaona. Mwezi wa Mei 1996 watawa wa Mokoto walilazimika kuikimbia monasteri yao. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka ndani ya Goma, na katedrali ikateketea. Januari 2023 vita ilipofika Kitchanga, watu walikimbilia Sake na Goma na kwingine, wengi pasipo kitu mkononi. Baada ya wiki chache mmoja aja kuomba hati ya ubatizo apate kufunga ndoa mahali alipokimbilia. Mama mwingine aja kuomba andiko lolote lenye tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake, kwa sababu shule yaitaka. Mkimbizi wa namna hiyo hana shahidi mwingine ila kitabu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yenyewe, katika kanuni ya 491, yataka orodha ya hati za parokia ifanywe kwa nakala mbili, moja ibaki parokiani, ya pili ipelekwe kwenye hifadhi ya jimbo.

Lakini tusikosee. Picha ya kitabu si kitabu. Pembeni mwa jina la mbatizwa huongezwa baadaye kipaimara, ndoa, na mengineyo. Picha iliyopigwa mwaka 2019 haijui ndoa iliyoandikwa mwaka 2022. Anayetoa hati kwa kutazama picha ya zamani peke yake aweza kumwita kijana huru ambaye amekwisha kufunga ndoa. Ndiyo maana jina la dosie lazima libebe tarehe ya kupigwa picha, na ndiyo maana kazi hii hairudiwi mara moja tu, bali kila mwaka, na kabla ya mwaka kuisha ikiwa nchi haina amani.

Kwa kazi ya kurudiarudia kuna chombo cha kulinganisha dosie mbili na kuzisawazisha. Twaweka dosie ya parokia kushoto, nakala ya flashi kulia, twaamuru ulinganisho. Programu yatoa orodha: hii iko kushoto tu, hii iko kulia tu, hizi zatofautiana tarehe, hizi ni sawa. Mishale yaonyesha kila fishie itakwenda upande gani, nasi twaweza kugeuza mshale mmoja mmoja. Tukitaka uhakika, tuweke alama ya kulinganisha kwa yaliyomo: hapo haitazami tarehe na ukubwa tu, yasoma kila fishie mpaka mwisho pande zote mbili. Yachelewa, lakini hugundua flashi iliyoanza kuoza, ambayo yaonyesha majina yote vizuri na ndani yake picha zimeharibika. Kuna pia amri ya upande mmoja, inayofanya kulia kuwe sawasawa kabisa na kushoto, hata kwa kufuta yaliyozidi. Hiyo tuiogope kidogo. Ikiwa jana ulifuta dosie kwa kosa, leo ulinganifu huo utafuta na nakala yake, kwa utii mkamilifu. Heri flashi mbili za zamu, moja ya mwezi huu na moja ya mwezi uliopita, ili kosa la leo lisizifikie zote mbili kwa siku moja.

Flashi ya tatu ikae mbali, kwa jimbo au kwa parokia nyingine. Wengine watasema intaneti yatosha. Ikiwa ipo na megabaiti zapatikana, vema. Huku kwetu mara nyingi twapandia kilima kutafuta resoo ya telefone, na picha mia tatu hazipandi kwa namna hiyo. Jambo dogo: flashi nyingi zimetayarishwa kwa namna ya FAT32, isiyopokea fishie moja inayofikia gigabaiti 4. Video ndefu ya upadirisho itakataliwa hata kama flashi ni tupu. Si ugonjwa, flashi itayarishwe kwa exFAT baada ya kutoa vilivyomo.

Kuna jambo moja zito zaidi. Flashi yenye majina ya watu, wazazi wao na vijiji vyao, si kitu cha kuchezea katika nchi yenye vita. Akiokota mtu mbaya, amepata orodha. Kwa hiyo ile inayosafiri ifungwe kwa neno la siri. Twatumia 7-Zip, programu nyingine ya bure, ya Igor Pavlov, iliyotoka mwaka 1999. Yafunga dosie nzima katika fishie moja ya namna ya 7z, na ukiitaka yaficha hata majina ya fishie zilizomo. Neno la siri tuwaachie watu wawili wanaoaminika. Tukilisahau, hakuna fundi atakayeifungua. Na barua za dhamiri, maneno ya uongozi wa roho ya mseminari, hayo yasiingie kabisa katika ordinatere ya biro inayotumiwa na wote. Hakuna programu itakayotuondolea wajibu huo.

Turudi kwa mwalimu wa Burungu. Tulipokwisha kusafisha flashi yake tulizipa picha majina mapya, tukazinakili kushoto, tukalinganisha kwa yaliyomo: sawa zote. Alitaka kwenda. Tukamwomba angoje kidogo, tukachagua zote, tukasoma hesabu chini ya dirisha: picha 95. Tukamwuliza kaye ina kurasa ngapi. Alizijua kwa kichwa, kwani alizipiga mstari mwenyewe: 96. Tukazipitia moja moja kwa F3, yeye akisoma namba za kurasa kwa sauti. Baada ya 57 ilikuja 59. Alikuwa amegeuza karatasi mbili zilizoshikamana kwa mvua. Keshoye alirudi Burungu, akatenganisha zile karatasi kwa kisu, na Jumapili akatuletea ukurasa wa 58 katika telefone yake, safari hii bila kupita kwa mtu wa kopi.